Taka Zikitoka Iyunga Huenda Wapi?

Asubuhi ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza na watu wamejikunyata ndani ya makoti, lundo la taka lililokaa siku tano hutoa mvuke. Mtu akilifukua kwa kijiti, chini ya maganda ya ndizi na viazi vilivyooza atakuta joto, na ndani ya joto hilo wanafurukuta funza weupe. Huko nje kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 8 za Selsiasi. Ndani ya lundo, bakteria wanaokula taka wameshalipasha moto hadi kupita nyuzi 30. Basi ile kauli ya vijiweni kwamba nchi ya baridi haina nzi, na kwa hiyo taka za Mbeya hazidhuru kama za Dar es Salaam, inaishia hapo kwenye ncha ya kijiti.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika nyuzi 16, yai la nzi wa nyumbani huchukua zaidi ya mwezi mmoja kufikia kuwa nzi kamili. Katika nyuzi 30, siku 10 hivi zinatosha. Lundo likishajipasha moto lenyewe, nzi wa Iyunga, huku Mbeya, hukua kwa ratiba ya nzi wa Kariakoo, Dar es Salaam. Jike hutaga mayai mia moja au zaidi kwa mkupuo, na mikupuo ni kadhaa. Tena funza akikaribia kugeuka pupa hukimbia unyevu, akatambaa kutafuta udongo mkavu pembeni. Gari linalokuja kuzoa siku ya kumi na mbili, kwa hiyo, hubeba taka na kuacha nzi. Gari linalopita kila wiki, likizoa mpaka kwenye sakafu ya ghuba la taka, ndilo linalokata uzazi wao. Wanaodhani ratiba ya gari la taka ni suala la harufu tu wamekosea.

Iyunga ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Ni kata ya Jiji la Mbeya yenye viwanda vya bia na soda, stesheni ya TAZARA, shule kongwe ya ufundi, na barabara kuu ya kwenda Zambia inayopitisha malori usiku na mchana kuelekea Tunduma. Mbeya yenyewe imekaa miguuni mwa mlima Loleza, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua zake huanza Novemba zikanyesha hadi Aprili. Kwenye mitaa ya miinuko, nyumba zilitangulia na barabara zikafuata, na pengine hazikufuata kabisa. Gari halipandi. Guta hupanda kwa jasho, tena kwa hela. Kwa kaya nyingi za huko juu, gari la taka la bure ni mvua: mfuko hufunguliwa mferejini usiku wa mvua kubwa, na asubuhi mtaa wa juu ni msafi. Wa bondeni ndio huamka na mzigo.

Kwa hiyo usafi wa mtaa mmoja unaweza kuwa uchafu uliohamishwa tu. Hilo ndilo linalofanya kulinganisha miji kuwe kazi ngumu kuliko inavyoonekana siku ya kugawa vikombe.

Tanzania imekuwa ikishindanisha halmashauri zake kwa afya na usafi wa mazingira tangu mwaka 1988. Majiji hupambanishwa na majiji, manispaa na manispaa, miji na miji, wilaya na wilaya. Jina lililozoeleka kwenye vikombe hivyo ni Moshi. Mgeni akishuka stendi pale na kutaka kutupa ganda la muwa, mwenyeji humwonya mapema, maana faini ipo na wanaoitoza wapo. Katika Nyanda za Juu Kusini, Njombe ndiyo iliyojijengea jina, zaidi kwa vyoo bora vijijini kuliko kwa barabara zilizofagiwa.

Sifa za Moshi ni za haki, ila ina mtaji ambao Mbeya haina. Manispaa ile ina eneo la kilomita za mraba 59 hivi, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu laki mbili na ushee. Jiji la Mbeya lina kilomita za mraba 214 na watu zaidi ya laki tano na arobaini elfu. Gari la taka la Moshi huzunguka mji ulioshikana, wenye mitaa iliyopimwa tangu zamani na mabomba ya majitaka yanayofikia sehemu kubwa ya mji kuliko ilivyo katika miji mingi ya nchi hii. La Mbeya, likishajaza Iyunga upande wa magharibi, hulazimika kulikatiza jiji zima, pamoja na foleni ya Mwanjelwa, mpaka dampo la Nsalaga upande wa mashariki, karibu na Uyole. Dereva anayekwenda safari mbili kwa siku badala ya nne si mvivu. Barabara ni moja, na malori ya Zambia yamo humo humo.

India imelichukua shindano la namna hii na kulifanya kubwa kuliko mahali pengine popote. Tangu 2016 serikali yake hupima miji kila mwaka katika zoezi liitwalo Swachh Survekshan. Taji la mwaka wa kwanza lilikwenda kwa Mysuru. Kuanzia 2017 taji likahamia Indore, mji wa katikati ya India, na halikuondoka tena kwa miaka saba mfululizo. Katika matokeo ya 2023 Indore ilikaa nafasi ya kwanza pamoja na Surat.

Mbinu ya Indore ilishangaza wengi. Halmashauri iliondoa mapipa ya taka barabarani. Hoja yao ilikuwa kwamba pipa la mtaani ni lundo linalosubiri kuzaliwa: hujaa, hufurika, ng'ombe na mbwa hulipindua. Badala yake magari madogo yakaanza kupita nyumba kwa nyumba kila asubuhi, yakiwa na vyumba tofauti kwa taka zinazooza na zile kavu, na anayechanganya hurudishiwa mzigo wake. Taka zinazooza hupelekwa kwenye kiwanda kilichofunguliwa Februari 2022, chenye uwezo wa kuchakata tani 550 kwa siku na kutoa gesi inayoendesha mabasi ya mji. Mtu wa Mbeya aliyewahi kuona kinachobaki baada ya lumbesa za viazi na mikungu ya ndizi kushushwa sokoni ataelewa mara moja kwamba malighafi ya kiwanda kama hicho si tatizo la hapa. Tatizo ni kuitenga kabla haijachanganyika na chupa, pampasi na vioo.

Surat ina kisa kingine, nacho kinatisha zaidi. Septemba 1994 tauni ilizuka mjini humo baada ya mafuriko. Watu kadhaa walikufa na mamia ya maelfu wakakimbia kwa treni na mabasi, wengine wakiwa na ugonjwa mwilini. Mwaka uliofuata mkurugenzi mpya, S. R. Rao, aliingia ofisini na kutoa amri ambayo ndiyo kiini cha mambo: wakubwa wa halmashauri wawe mitaani kila asubuhi, wakitazama taka kwa macho yao badala ya kusoma taarifa zake mezani. Ndani ya miaka miwili Surat ilikuwa ikitajwa kati ya miji misafi kabisa ya India.

Halafu ikaja Desemba 2025. Katika mtaa wa Bhagirathpura, hukohuko Indore kwenye mataji, watu walianza kuharisha na kutapika baada ya kunywa maji ya bomba. Mamia walilazwa hospitalini, na wengine wakafa. Majitaka yalikuwa yameingia kwenye bomba la maji ya kunywa lililovuja, na juu ya bomba hilo palikuwa na choo. Barabara za juu zilikuwa zimefagiwa kama kawaida.

Hapo ndipo kipimo cha macho kinapofeli. Mzoa taka huokoa mji dhidi ya nzi, panya na mbu wanaozaliana kwenye makopo yenye maji, na si kazi ndogo. Lakini kipindupindu na homa ya matumbo havikai kwenye karatasi za pipi. Husambazwa na kinyesi cha binadamu, na bakteria wa homa ya matumbo hana chanzo kingine kabisa, kwa sababu haishi kwa mnyama mwingine. Mji wenye maua barabarani na karo zinazovuja chini ni mji mchafu, hata ukipewa kombe.

Swali la haki kwa Mbeya, na kwa Iringa iliyo kwenye nyanda hizohizo, basi, ni hili: choo kikijaa, yaliyomo huenda wapi?

Kaya nyingi za miji hii hutumia choo cha shimo au karo, si bomba la majitaka. Pakijaa, zipo njia tatu. Ya kwanza ni kuita gari la kunyonya majitaka, ambalo hugharimu fedha na huhitaji barabara ya kufika. Ya pili ni kulifunika shimo na kuchimba jingine, njia nzuri kwa mwenye uwanja. Ya tatu hufanyika gizani: kutapisha. Ukuta wa shimo hutobolewa upande wa mteremko, mvua ikikolea yaliyomo hufyatuka hadi mferejini na kuungana na zile taka za usiku. Kila mtaa wa mabondeni unawajua majirani wa namna hiyo, ingawa kuwataja ni kutafuta ugomvi.

Yaliyobebwa na gari yana mwisho mwema zaidi. Mabwawa ya majitaka ya Mbeya yako Kalobe, si mbali na Iyunga, na ufundi wake ni wa kupendeza kwa jinsi ulivyo rahisi. Majitaka huingia bwawa la kwanza, lenye kina, mazito yakatuama na kuoza bila hewa. Huhamia bwawa la pili lililo pana, ambamo mwani wa kijani huzalisha oksijeni kwa mwanga wa jua na bakteria wakaitumia kula uchafu uliobaki. Katika mabwawa ya mwisho, yenye kina kifupi, jua na muda hufanya kazi ya dawa: bakteria wa magonjwa hupungua kadiri siku zinavyopita, na mayai ya minyoo huzama chini kwa uzito wake. Mayai ya mchango yaliyotapishwa bustanini huweza kuishi udongoni kwa miaka, yakisubiri kidole cha mtoto. Mabwawa hayahitaji umeme wala kemikali. Yanachohitaji ni eneo, kuondolewa tope kila baada ya miaka kadhaa, na majitaka yafike. La mwisho ndilo gumu.

Iringa ina jiografia yake. Mji uko juu ya mlima, na Mto Ruaha Mdogo, unaoupatia maji ya kunywa, unapita bondeni chini yake. Chochote kinachoserereka kutoka mitaa ya juu huelekea mto huohuo, ambao baadaye huungana na Ruaha Mkuu na kuelekea Mtera. Wavuvi na wafugaji wa huko chini hawajawahi kualikwa kwenye sherehe ya vikombe vya usafi, lakini ndio wanaojua zaidi kama Iringa ni safi.

Iyunga ina hatari nyingine inayopita na magurudumu. Kati ya Oktoba 2023 na katikati ya 2024 Zambia ilikumbwa na kipindupindu kikubwa, Lusaka ikiwa kitovu. Wagonjwa walizidi 20,000 na waliokufa wakapita 700. Barabara inayotoka huko hupita Tunduma na kuja moja kwa moja hadi Iyunga. Wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaugui, au huharisha kidogo tu wakadhani ni chakula cha njiani, lakini kinyesi chao hubeba bakteria kwa siku kadhaa. Dereva au tingo wa namna hiyo hahitaji kuzuiwa mpakani wala kunyanyapaliwa. Anahitaji choo chenye maji na sabuni pale anapoegesha lori, kilichounganishwa na karo isiyovuja. Choo kimoja cha namna hiyo kwenye maegesho kina thamani kuliko mabango kumi ya kukumbusha usafi.

Nchi hii si ngeni kwa kazi ya vyoo na usafi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliwafikia karibu watu wazima milioni 2, na mashimo ya vyoo yakachimbwa kwa mamia ya maelfu. Desemba 9, 2015, kipindupindu kikiwa kimeenea mikoani, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuwatoa watu kufanya usafi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa ya mafagio. Desturi ni njema, ila fagio haliingii ndani ya karo.

Anayesoma haya akiwa Iyunga au Ilomba za Mbeya, au Kihesa ya Iringa, na choo chake kimebakiza nusu mita kujaa, aite gari la majitaka sasa, barabara ikiwa bado kavu na kabla mvua za Novemba hazijamlegezea ukuta wa shimo. Gari likishajaza tangi, amuulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Jibu sahihi kwa Mbeya ni Kalobe.