Je, Wajua? Kamera Inayosubiriwa Kabla Haijazaliwa

Je, wajua kwamba baadhi ya kamera ghali hutangazwa mara mbili? Mara ya kwanza kampuni husema tu kuwa "inatengenezwa": unaoneshwa umbo, unatajiwa sifa mbili tatu, bei kimya. Canon walifanya hivyo kwa EOS R3 mnamo Aprili 2021, wakatoa taarifa kamili Septemba, na wanunuzi wakaishika Novemba. Nikon walikuwa wameshatangulia mwezi mmoja kwa Z9, wakaizindua rasmi Oktoba mwaka huohuo. Subira huvuta heri, wanasema. Hapa subira humzuia pia mteja asiende kununua kwa mshindani, na mimi naamini hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Je, wajua kwamba anayetaka kubashiri mwaka wa kamera kubwa hutazama kalenda ya Olimpiki? Nikon D3 ilitangazwa 2007, mwaka mmoja kabla ya Beijing. D4 ikaja Januari 2012 kwa ajili ya London, D5 Januari 2016 kwa ajili ya Rio, na D6 mwanzoni mwa 2020 kwa ajili ya Tokyo, kabla korona haijaisogeza michezo hadi 2021. Canon EOS R1 ilipiga picha Paris 2024 wakati hakuna duka hata moja lililokuwa nayo. Hakuna jaribio kali kuliko fainali ya mita 100: inakwisha ndani ya sekunde kumi, na hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha.

Je, wajua jinsi siri ya R3 ilivyovuja? Canon walitaja karibu kila kitu isipokuwa idadi ya megapikseli. Watu wakabishana miezi mizima: 24? 30? 45? Kisha kamera ikaenda Tokyo mikononi mwa wapiga picha wachache, picha zikawekwa mtandaoni, na ndani ya faili mlikuwa na vipimo vyake: 6,000 kwa 4,000. Zidisha mwenyewe. Milioni 24.

Wengi walinuna. Walitaka zaidi. Lakini picha yenye upana wa pikseli 6,000, ikichapwa kwa ubora wa jarida wa nukta 300 kwa inchi, inafika inchi 20, yaani sentimita 51 hivi. Kurasa mbili za A4 zilizofunguliwa zina upana wa sentimita 42. Anayelalamikia megapikseli 24 huenda hajachapisha picha siku nyingi.

Je, wajua kwamba mamlaka za mawasiliano nazo huvujisha habari bila kukusudia? Kamera yenye Wi-Fi au Bluetooth ni chombo cha redio, na nchi kadhaa za Asia hudai kisajiliwe kabla hakijauzwa. Kampuni huandika namba ya siri badala ya jina la biashara, lakini wenye kufuatilia wameshazizoea namba hizo. Ikitokea mpya, gumzo linaanza.

Na kioo kilichoondolewa kwenye kamera mpya kama R3 na Z9, je? Katika DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, mwanga ukipita kwenye lenzi hugonga kioo kilichoinama, ukapanda hadi kwenye jicho lako. Ukibonyeza kitufe, kioo huruka juu ili sensa ipate mwanga, na wewe unaona giza. Maana yake ni kwamba mpiga picha wa DSLR hakuwahi kuiona kwa jicho lake ile nukta ya wakati aliyoipiga. Mwaka 2017 Sony A9 ilipiga picha 20 kwa sekunde bila giza hilo na bila mlio. Mchezaji wa gofu akaweza kupigwa picha anapovuta pumzi, na swala wa Serengeti wakaendelea kula nyasi.

Je, wajua kwamba kamera ya kwanza isiyo na kioo katika mfumo wa Micro Four Thirds, Panasonic Lumix G1, ilitangazwa Septemba 2008? Ilikuwa na megapikseli 12. Haikuwatisha wakubwa hata kidogo. Canon na Nikon walisubiri hadi 2018 ndipo wakaleta kamera zao zisizo na kioo zenye sensa kubwa (full frame), Sony wakiwa wameshakaa uwanjani humo tangu A7 ya 2013.

Je, wajua kwamba Nikon Z9 haina shata ya chuma kabisa? Hakuna pazia linalofunguka na kufungwa. Kila kitu hufanywa na sensa. Ilitoka kwa dola 5,500 za Marekani, chini ya Sony A1 kwa takriban dola 1,000, na maagizo yakawazidi kiasi kwamba Nikon waliomba radhi hadharani. Mwanzoni mwa 2024 Z9 ilipelekwa kwenye kituo cha anga za juu cha kimataifa.

Na hapa kuna jambo ambalo wasubiriaji husahau kuuliza: sifa mpya imelipiwa kwa kitu gani? Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, ilikuwa ya kwanza yenye sensa kubwa inayosoma picha yote kwa mkupuo mmoja badala ya mstari baada ya mstari. Rungu la gofu halipindi tena pichani, na kasi inafika 1/80,000 ya sekunde. Tunda tamu. Lakini ISO yake ya msingi, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, ni 250, si 100 iliyozoeleka.

Canon R5 ya 2020 ni somo jingine. Walipotaja video ya 8K, watu walikataa kuamini, hadi kampuni ikatoa taarifa ya pili kuthibitisha. Ilipotoka, 8K ilikuwepo kweli, ila kwenye joto la nyuzi 23 ilirekodi kwa takriban dakika 20 kabla ya kamera kuchemka. Nyuzi 23! Mwenye kupiga harusi Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari ajihesabie mwenyewe. R5 Mark II ya 2024 ikaja na kishikio cha ziada chenye feni ndani, kinachonunuliwa peke yake.

Je, wajua kwamba R1 hutambua mchezaji anayepiga shuti? Imefundishwa mienendo ya soka, mpira wa kikapu na voliboli, na huhamisha fokasi kwa aliye na mpira. Inapiga hadi picha 40 kwa sekunde. Megapikseli zake? Ni 24 zilezile, na walionuna 2021 wakanuna tena.

Kama unaisubiri kamera kubwa inayofuata, usiuze uliyonayo siku ya tangazo la kwanza. R1 ilitangazwa Mei 2024 na kuanza kuuzwa Novemba: miezi sita ya kazi usingekuwa na kitu mkononi.