Jinsi Panya Waliobadilishwa Vinasaba Wanavyosaidia Kueleza Saratani ya Ini

Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B anaweza kuishi miaka 20 au 30 bila maumivu yoyote, kisha akafika hospitali akiwa na uvimbe mkubwa kwenye ini. Katika kipindi hicho cha ukimya, ini huharibiwa na nini? Virusi vyenyewe kwa kawaida haviui chembe za ini moja kwa moja. Mtu anaweza kuwa na virusi vingi katika damu ilhali ini lake halijadhurika sana.

Swali hilo halikuwa rahisi kujibiwa. Virusi hivi humwambukiza binadamu na sokwe, lakini havimwambukizi panya. Aidha, ni kinyume cha maadili kumnyima mgonjwa tiba ili kutazama saratani ikikua. Ndipo watafiti wakatumia njia nyingine: kipande cha vinasaba vya kirusi hudungwa ndani ya yai la panya lililokwisha kurutubishwa, kisha yai hilo hupandikizwa katika mwili wa panya jike. Baadhi ya watoto wanaozaliwa hubeba kipande hicho na kukirithisha kwa vizazi vyao. Panya wa kwanza wa namna hiyo walielezwa mwaka 1985, na miongoni mwa waanzilishi alikuwa Francis Chisari wa Marekani.

Mwaka 1989 kundi la Chisari lilieleza panya ambao chembe za ini lao zilitengeneza protini ya ganda la kirusi kupita kiasi. Protini ilirundikana, chembe zikafa, nyingine zikazaliana kuziba pengo, na baada ya miezi mingi saratani ikatokea.

Jaribio la mwaka 1998 lilikuwa na uzito zaidi. Panya waliozaliwa na protini ya kirusi hawakuwa na homa ya ini, kwa sababu kinga yao iliihesabu protini hiyo kuwa sehemu ya mwili. Watafiti waliiondoa kinga hiyo na kuwapa chembe za kinga kutoka kwa panya wengine waliokwisha kufundishwa kuitambua protini kuwa adui. Panya hao walipata homa ya ini sugu, na hatimaye saratani. Chanzo cha jeraha kilitofautiana na kile cha mwaka 1989, lakini mwisho ulikuwa mmoja: ini linalojeruhiwa na kujijenga upya kwa muda mrefu hukusanya kasoro za vinasaba zinazozaa saratani.

Kwa virusi vya aina ya C, watafiti wa Japani walionesha mwaka huohuo kwamba protini moja ya kiini cha kirusi ilitosha kuleta mafuta kwenye ini la panya, na baadaye saratani, hata bila uvimbe mkali wa ini.

Mfano huu una mipaka. Panya hawa hawakuambukizwa. Wamezaliwa na jeni la kirusi ndani ya vinasaba vyao, hivyo hakuna dawa inayoweza kuliondoa. Kwa sababu hiyo hawafai kupima iwapo dawa fulani huponya kabisa.

Hata hivyo, funzo lake linahusu kliniki moja kwa moja. Kutohisi maumivu si ushahidi kwamba ini liko salama. Mhudumu wa afya apime vimeng'enya vya ini na wingi wa virusi, na mgonjwa mwenye makovu ya ini afanyiwe ultrasaundi kila baada ya miezi 6. Tenofovir hupunguza virusi na jeraha, hivyo hupunguza hatari ya saratani bila kuifuta. Mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali. Homa ya ini C sasa hutibika kwa vidonge, lakini mwenye makovu huendelea kuchunguzwa hata baada ya kupona.

Kwa mtoto mchanga, chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa huzuia mlolongo huo wote usianze.