Karo ya Chuo: Tusome Masharti Kabla ya Kutoa Fedha

Barua ya kuitwa chuoni ikifika nyumbani, hutazamwa jina la kozi, kisha jumla ya karo. Kurasa zinazofuata hurudishwa ndani ya bahasha. Humo ndimo yalimo masharti ya fedha, na humo ndimo tunamotaka kukaa nanyi juma hili, mama zetu na ndugu zetu.

Mwaka 2018 serikali iliweka karo ya vyuo vya ufundi vya umma kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Yenyewe ikabeba 30,000, na mwanafunzi akabakiwa na 26,420, ambazo aliweza kuziombea mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mwaka 2023 ukaja utaratibu mwingine, wa kugawa msaada kwa kutazama uwezo wa kila nyumba. Ndiyo maana wasichana wawili wa darasa moja huweza kudaiwa viwango tofauti. Lakini msaada hauji wenyewe kwa kuwa mtoto amepangiwa chuo na KUCCPS. Lazima auombe kwenye mtandao, na dirisha la kuomba hufungwa.

Yapo maneno mawili ambayo watu huyachanganya: ufadhili na mkopo. Ufadhili haurudishwi. Mkopo ni deni, na deni la HELB lina riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Udogo wake hauiondolei jina la riba. Kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayeacha kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Tumekutana na vijana waliotia sahihi wakidhani wamepewa zawadi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Sisi tunaoandikiana hata deni la unga dukani, vipi la chuo tulitie sahihi bila kulisoma?

Nyumba inayoikimbia riba na ianze na basari: ya NG-CDF katika eneo bunge, na ya kaunti. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, kwa hiyo mwombaji awe na barua ya kuitwa, nambari ya usajili na taarifa ya karo. Siku za kurudisha fomu huwa chache. Yatima huulizwa cheti cha kifo cha mzazi, na nyumba nyingi hukwama hapo. Mjane aliye edani amtume kaka yake au mtoto mkubwa akakishughulikie mapema.

Linaloumiza zaidi ni kuondoka chuoni kimya kimya. Tunamjua mama aliyeuza bangili zake akalipa muhula wa kwanza. Binti akaugua wiki ya tatu, akarudi nyumbani, na hakuna aliyeandika barua ya kuahirisha masomo. Chuo kikaendelea kumhesabu kuwa mwanafunzi, na aliporudi mwaka uliofuata alikuta deni la mihula ambayo hakukaa darasani. Barua ya ukurasa mmoja, ikipokewa na kupigwa muhuri, na nakala ikabaki nyumbani, ingeokoa bangili nyingine. Ulizeni pia, kabla ya kulipa, kama karo hurudishwa mwanafunzi akiacha, hadi wiki ya ngapi, na kama cheti huzuiliwa kwa sababu ya salio.

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa chenyewe kina asili yake katika MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojengwa kwa michango, ikiwemo ya Aga Khan, Sultani wa Unguja na jamaa wa Bohora. Leo kamati za misikiti zinazokusanya zaka zinajua kuwa mafukara na wenye madeni wamo katika makundi manane ya Suratut Tawba. Binti aliyemaliza kozi na cheti chake kimezuiliwa kwa salio dogo anaweza kuingia humo. Kamati na itake taarifa ya karo kutoka chuoni, ilipe katika akaunti ya chuo, si mkononi mwa mtu, kisha risiti akabidhiwe mama yake.