Hisa za Bei ya Kutupa

Wenzangu, hisa ikishuka bei si lazima kampuni iwe imeoza. Mwaka 2008 hisa ya Safaricom iliuzwa shilingi 5. Mwaka 2009 ikawa chini ya 3. Wengi waliuza kwa hofu. Lakini kampuni ilikuwa ingali inapata faida, na aliyenunua wakati huo akangoja, mwaka 2021 aliiona ikipita 40.

Sasa usikimbilie kila kilicho rahisi! Soma kwanza hesabu za kampuni: inadaiwa kiasi gani? Hisa za Mumias nazo zilishuka hadi senti, ati zitapanda tu. Wapi! Madeni yaliizidi, na mwaka 2019 ikaangukia mikononi mwa mrasimu. Hisa zikasimamishwa sokoni. Hata aliyetaka kuuza kwa hasara hakuweza.