Kabla Popi Hajapanda Ndege

Jumatatu moja ya Januari mama mmoja aliingia kliniki kwangu, Dar es Salaam, na mbwa wake, kadi ya chanjo na tiketi za familia nzima za kwenda Frankfurt. Safari ilikuwa imebakiza wiki tatu. Kadi ilikuwa safi, Popi amechanjwa kichaa cha mbwa kila mwaka bila kuruka. "Daktari, nimekuja tu unigongee muhuri," akasema. Nikapitisha mashine ya kusomea chipu shingoni na mabegani mwa Popi. Haikulia. Ikanibidi nimweleze kwamba watoto wataondoka na mbwa wao atabaki.

Siku ile ililiza watu, na naandika haya kwa sababu ingezuilika.

Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umeziridhia kwa habari ya kichaa cha mbwa. Si dharau. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa kuumwa na mbwa. Nchi iliyojitoa humo ina haki ya kuuliza maswali mlangoni.

Swali la kwanza ni dogo: mbwa huyu ni nani? Kadi ya chanjo inasema Popi alichanjwa, lakini kina Popi wa rangi ya kahawia wamejaa mtaani. Chipu ndiyo inayojibu. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, huingizwa kwa sindano chini ya ngozi. Haina betri, wala haioneshi mnyama alipo kama wengi wanavyoamini. Ikipitishiwa mashine inatoa namba ya tarakimu 15, basi. Ndiyo maana chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, hata kama ilitangulia kwa siku moja. Tulimwekea Popi chipu asubuhi ileile, na dakika chache baadaye nikamchanja upya. Vyote viwili vinaruhusiwa siku moja, mradi chipu itangulie.

Swali la pili ni iwapo chanjo imeshika. Zinasubiriwa siku zisizopungua 30, kisha mnyama anatolewa damu. Damu inaachwa igande, na yale majimaji ya rangi ya manjano hafifu yanayobaki, yaani seramu, yanatenganishwa na kupelekwa kwa ubaridi kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Maabara hizo nazo hujaribiwa na kituo cha Nancy, Ufaransa, ili jibu la moja lilingane na la nyingine. Humo seramu hukutanishwa na virusi, ikaangaliwa kama inavizima. Kinachotakiwa ni uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita, au zaidi. Mbwa wachanga waliochanjwa mara moja tu ndio hasa wanaoanguka kipimo hiki. Kwa hao mimi hurudia chanjo baada ya wiki tatu au nne, halafu naanza kuhesabu zile siku 30 upya. Popi alipita vizuri. Zile chanjo za nyuma, ambazo kwenye karatasi hazikuwa kitu, mwili wake ulikuwa haujazisahau.

Baada ya hapo kuna kungoja miezi 3, kuanzia siku ya kutolewa damu, si siku ya majibu. Hapa ndipo watu wanaponikasirikia: kama kinga ipo, tunangoja nini? Tunangoja virusi. Mbwa aliyeumwa na mwenzake kabla ya chanjo anaweza kuonekana mzima kwa wiki nyingi huku virusi vikipanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Miezi hiyo inampa mgonjwa aliyejificha muda wa kujionesha akiwa bado huku. Kwa paka hesabu ni hiyohiyo. Na kwa kuwa chanjo ya kwanza haikubaliki kabla ya wiki 12 za umri, hakuna mtoto wa mbwa au paka wa kwetu anayeingia Ulaya kabla ya kufikisha miezi saba hivi.

Kwa anayekwenda Marekani, tangu Agosti 2024 mbwa lazima awe ametimiza miezi 6, na kutoka nchi zetu kuna masharti ya ziada.

Muhuri aliotaka yule mama huja mwisho kabisa. Daktari wa mifugo wa serikali huidhinisha cheti cha afya, na mnyama awe amefika Ulaya ndani ya siku 10. Mwenyewe naye asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya mnyama, la sivyo safari inahesabiwa kama ya biashara, yenye masharti mengine. Kwa hiyo ilibidi mama arudi mwezi Juni kumfuata.

Miezi yote hiyo Popi alikaa kwa bibi wa watoto, Kimara. Nilipima damu yake kutafuta homa zinazoletwa na kupe, maana huweza kulala mwilini zikaamshwa na uchovu wa safari, mbele ya daktari wa ugenini asiyezizoea. Bibi nilimpa kazi kubwa zaidi. Sanduku la safari, ambalo ndani yake Popi aliweza kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kujinyoosha, lilikaa barazani mlango wazi, na chakula chake kikawekwa humo kila jioni. Dawa ya kumlaza niliikataa. Huko angani inaweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga pumzi, na hakuna mtu wa kumwangalia. Mbwa aliyezoea sanduku haihitaji.

Asubuhi ya safari nilipitisha mashine mara ya mwisho. Nikasoma namba kwa sauti, bibi akaifuata kwa kidole kwenye cheti, tarakimu moja moja hadi ya 15. Popi aliingia mwenyewe, akajikunja juu ya khanga iliyokuwa humo tangu Februari. Mama akainama aitoe, akasema ni ya bibi.

"Mwache nayo," bibi akasema.