Scheming Schemers: Muvi ya Three Stooges yenye Shemp wa mchongo

Kama unajua Three Stooges, wale wasee watatu wa Marekani wa kuchapana makofi na kudungana vidole kwa macho, kuna muvi yao fupi ya 1956 inaitwa Scheming Schemers. Tuseme ukweli, si kali. Lakini ukishajua vile ilitengenezwa, utaicheki na macho mengine.

Stori ni rahisi. Moe, Larry na Shemp ni mafundi wa mabomba. Wanaitwa kwa keja ya sonko kutoa pete imeingia kwa sinki, wanaharibu nyumba mzima, na hapo kati kuna wezi wanataka kuhepa na picha ya bei mbaya.

Noma ni kwamba Shemp Howard alikuwa ashadedi Novemba 22, 1955, kabla hata waanze kushuti. Studio ya Columbia bado ilikuwa inangoja muvi nne za ule mwaka, na kazi ni kazi. Dairekta Jules White akachukua vipande vya Vagabond Loafers ya 1949, Shemp akiwa hai, akaviunganisha na sini mpya chache. Penye Shemp alihitajika, wakaweka mwigizaji mwingine, Joe Palma, na kuficha uso wake.

Kumnasa si ngumu. Ukiona sura ya Shemp, hiyo ni ya zamani. Ukiona mgongo tu, ama uso umezibwa, huyo ni Palma. Pia mcheki Moe: dakika hii ni kijana kiasi, ile ingine ameongeza miaka.

Sasa hapa ndio inauma. Moe na Shemp walikuwa ndugu wa damu, mama mmoja, baba mmoja. Kwa hivyo huyo Moe unamwona akichekesha kwa sini mpya ametoka kuzika bro yake juzi tu, na mtu mwingine amevalishwa nafasi yake.

Na haiishii hapo. Ile vita ya kurushiana pai imetolewa kwa Half-Wits Holiday ya 1947. Wakishuti hiyo, mdogo wao Curly alishikwa na stroki hapo hapo kazini, hata hakuwahi kuingia kwa hiyo vita ya pai. Alidedi 1952.

Mchongo wa Palma ulitumika kwa muvi nne, halafu Joe Besser akachukua nafasi. Miaka baadaye dairekta Sam Raimi, shabiki wao sugu, akaupa jina: Fake Shemp. Akaliweka hadi kwa orodha ya waigizaji wa The Evil Dead ya 1981.

Ushauri? Anza na Vagabond Loafers ucheke vizuri, halafu ndio ucheki Scheming Schemers. Vichekesho ni vile vile. Chenye kimebadilika ni nani amebaki.