Kurudi Kwenu Ukiwa Mgeni

Watafiti huko Ulaya wanawauliza wakimbizi wa Ukraine maswali ninayoyafahamu: umepata kazi? Watoto wanasoma kwa lugha gani? Majirani wanakujua? Angalau hao walifunguliwa mlango mapema. Machi 2022 Umoja wa Ulaya uliwapa haki ya kukaa, kufanya kazi na kusomesha watoto bila kesi ya mtu mmoja mmoja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Rumonge, Burundi, nimezaliwa kambi ya wakimbizi ya Mishamo huko Mpanda, Tanzania, na naamini maswali hayo humbana mkimbizi zaidi siku anaporudi kwao.

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Mauaji yalianza 29 Aprili huku huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, kwa mashambulizi ya waasi. Kisha jeshi likaua Wahutu nchi nzima, wengi mno. Wengi waliofika Tanzania walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakapewa pori wafyeke walime.

Mwaka 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa Mishamo na wale wa Kigoma mjini. Wa Mishamo, waliotengwa na wenyeji, walisimulia Burundi usiku na mchana na kujiona taifa lililo uhamishoni. Wa Kigoma walioana na wenyeji, wakachuuza, na wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Watu ni wale wale, walikimbia mauaji yale yale. Kilichowatofautisha ni mahali walipoishi.

Kisha Tanzania ikawauliza waliokimbia 1972: uraia au kurudi? Watu wapatao 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, ingawa vyeti vilianza kutolewa 2014. Kama 53,000 walirudi Burundi. Baba alirudi.

Shamba lake la michikichi lilikuwa na watu. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake. Lakini sheria ya ardhi ya 1986 ilimlinda aliyekaa shambani miaka 30. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, mwanzoni ilihimiza watu wagawane, baadaye ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba zima. Sisi tuligawana. Jirani tuliyegawana naye alizaliwa pale na wazazi wake walipewa shamba hilo na serikali. Sikuweza kumwita mwizi, na mawese yetu hayakutosha nyumba mbili. Waliorudi wasiojua hata kilima walikotoka walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara: nyumba zipo, ardhi ya kulima haba.

Lugha nayo ilikuwa mtihani, ila mwambao wa ziwa ulitusaidia. Mwaloni Rumonge, samaki wa ndagala na mukeke huuzwa kwa Kiswahili, kwa hiyo akina mama waliotoka Katumba walianza biashara mara moja. Waliopanda milimani walikosa bahati hiyo. Darasani hata mwambao haukufaa kitu: mtoto aliyefika darasa la sita Tanzania alikuta Kirundi cha kuandika na Kifaransa, akashushwa madarasa, akakaa na watoto wadogo kwake kwa miaka mingi. Wengi waliacha shule kwa aibu, ingawa walikuwa na akili.

Darasani kwangu huwaruhusu watoto waliorudi waulize kwa Kiswahili, nami huwajibu kwa Kirundi. Wanaobaki shuleni ni wengi kuliko zamani. Ningependa wizara ya elimu iwape miezi michache ya kujifunza lugha kabla ya kuwapangia darasa. Ni gharama ndogo kuliko kumpoteza mtoto wa miaka 13.